Mkaguzi wa somo langu aliketishwa mbele akapewa Fanta

Wakuu, amahoro.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, natoka. Leo nina langu. Limenitokea mimi mwenyewe hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na sehemu za aibu sijazikata, kwa sababu nikizikata hamtaelewa kwa nini najivunia.

Najivunia, ndiyo. Nimeliandika hilo neno, nikalifuta, nikaliandika tena. Mtanizoea.

Nianze na mimi ni nani. Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Espe. Nilizaliwa kambini Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa binti mdogo, ndiyo maana Kiswahili changu kinawafanya watu wa sokoni wanicheke kwamba naongea kama redio. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima. Sina diploma yoyote ya ualimu. Kiingereza chenyewe nilijifunza kwa redio, simu, na vitabu vilivyokosa jalada. Kufundisha nako nilijifunza kwa kutazama walimu wa nchi za mbali kwenye video, nikiwaiga hadi namna wanavyoshika chaki.

Wanafunzi wangu ni wafanyabiashara wa boti. Wanapeleka sabuni na mawese Mpulungu, kule Zambia, wanarudi na sukari na mahindi. Bandarini kule Kiswahili kinakusaidia kidogo, lakini ukifika kwa watu wa forodha na wenye maghala, ni Kiingereza. Usipokijua, mtu mwingine anakuongelea, na anayekuongelea anajiongelea yeye kwanza.

Chumba chetu ni ghala la ushirika wao. Chumba cha mwanzo kilikuwa karibu zaidi na ufuo, ziwa lilipopanda likakichukua, tukahamia huku juu. Kuta zinanuka mawese. Wanafunzi wanakalia bidoni, yale madumu ya njano ya mawese, zilizolazwa, wameweka vipande vya magunia juu yake. Kiti halisi kiko kimoja tu, cha plastiki, chenye mikono. Kikumbukeni hicho kiti.

Sasa kilichokuwa hatarini.

Mwenyekiti wa ushirika, ambaye sisi huku tunamwita perezida, aliniita akaniambia ushirika umeamua kulichukua darasa liwe lake rasmi. Wanachama wote wangekuja, na mwalimu angelipwa na ushirika badala ya kila mtu kutoa alichonacho siku aliyonacho. Nikaruka kwa furaha moyoni. Kisha akasema:

"Lakini Espe, wewe hauna diplome. Batu wataniuliza juu ya nini nimekupa wewe. Lete mutu anayejua kazi ya kufundisha, akuone, aseme. Akisema haiko vizuri, tutaleta mwalimu kutoka Bujumbura."

Hakusema kwa ubaya. Ila iliniuma. Lile darasa nililianza mimi, na watu wanne, chini ya paa linalovuja.

Kuna umoja mdogo wa walimu wa kujitegemea ambamo niliwahi kujiandikisha. Wana utaratibu wa kumtuma mwalimu mzoefu aje kutazama somo lako na kukupa mrejesho. Anakuja mara mbili: mara ya kwanza anatazama na kukuambia alichokiona, mara ya pili anatazama umefanyia nini alichokuambia, halafu anatoa neno lake. Wakanipangia Madame Odette, mama aliyefundisha miaka mingi kabla ya kustaafu.

Wakuu, hakuna mtu aliyewahi kunitazama nikifundisha. Hakuna. Nilikuwa na hofu kwamba akiingia tu ataona kwamba mimi ni mtu anayeigiza mwalimu.

Kwa hiyo nikajiandaa kwa namna ya kichaa. Somo lilihusu kumpokea mteja na kutaja bei. Nilipanga kila dakika. Nilifanya mazoezi mbele ya mdogo wangu Aline hadi akaanza kunijibu kwa Kiingereza mezani tukila ugali, na Aline hasomi Kiingereza. Niliandika ubao, nikafuta, nikaandika tena kwa sababu mstari ulikuwa unapanda kulia.

Jambo moja tu sikulifikiria. Niliwaambia wanafunzi wangu: "Jumanne tutakuwa na mgeni."

Kwa msiowajua watu wa Rumonge, hilo halisemwi hovyo.

Nilipofika Jumanne, ghala sikulitambua. Limefagiliwa hadi nyuma ya magunia. Meza imetandikwa kitenge kipya. Mama Zuhura, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye siku zote huja na kanga ya kazini ikinuka samaki, alikuwa amevaa kama anakwenda kupokea mahari. Pale mbele, karibu kabisa na ubao, kile kiti cha plastiki kimeoshwa, na pembeni yake Fanta ya machungwa na sahani ya ndagala wa kukaanga iliyofunikwa.

Madame Odette aliingia taratibu, mwanamke mfupi, mkoba begani, akaelekea nyuma kama wakaguzi wote wanavyofanya.

Mama Zuhura akamzuia njiani.

"Eh, Madame! Unaenda wapi huko?"

"Nakaa nyuma, dada. Nataka kutazama tu."

"Nyuma iko ya bidoni. Mugeni hakai nyuma kwetu. Watasema nini? Kwamba Mama Zuhura alimuona mugeni anakalia bidoni?"

"Bon, lakini kazi yangu..."

"Kazi utafanya umekaa vizuri. Kunywa kwanza."

Akaketishwa. Mbele. Akiwatazama wanafunzi, wanafunzi wakimtazama yeye, na mimi nimebanwa kati ya kiti chake na ubao kama mtu aliyekuja kumpangusia vumbi. Chupa mkono mmoja, sahani mapajani, kalamu ikabaki mkobani.

Nikaanza somo.

Nikauliza swali la kwanza, rahisi kabisa, jinsi ya kumsalimia mteja asubuhi. Kimya. Hawa ni watu ambao siku nyingine wanajibu kabla sijamaliza kuuliza! Lakini nani atakosea mbele ya mgeni? Kukosea ni kumwaibisha mwalimu. Nikaogopa ule ukimya, nikajibu mwenyewe. Wakarudia kwa pamoja, kwa sauti ya kanisani, macho kwa Madame Odette.

Swali la pili, hivyo hivyo. La tatu, Mama Zuhura alijitosa, akajibu, halafu hakunitazama mimi. Akamgeukia yule mama:

"Madame, iko sawa?"

Madame Odette akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ubao.

Na mkutane na mtu mmoja zaidi, kwa sababu mbele huko ndiye mwenye habari. Bwana Nyandwi, mtu wa mawese kutoka Kigwena, mrefu, mpole. Tangu ajiunge na darasa hakuwa amewahi kufungua mdomo zaidi ya kurudia na wenzake. Niliamua zamani kwamba yeye ni wa kusikiliza tu. Siku hiyo pia nilimpita.

Nilimaliza somo sawasawa na mpango. Hakuna dakika iliyopotea. Wakuu, niwe mkweli, nilidhani nimefaulu.

Mrejesho aliutoa tukitembea kuelekea barabara kuu. Nilidhani atatoa karatasi yenye maksi. Akauliza tu:

"Espe, wewe mwenyewe umeonaje?"

Nikafunguka kama bomba. Kwamba nilitamka neno fulani vibaya. Kwamba mwandiko ulipanda kulia. Kwamba nilisahau kutabasamu mwanzoni. Kwamba chaki ya bluu haionekani kutoka nyuma. Niliendelea hadi pumzi ikaisha.

Akacheka. Siyo vibaya.

"Yote hayo ni wewe. Sasa niambie kuhusu wao. Yule mrefu wa pembeni, leo amesema nini?"

"Nyandwi? Hajasema kitu."

"Hawezi?"

Nikataka kujibu kwamba hawezi. Halafu nikaona kwamba sijui.

Akaniuliza swali jingine: "Kwa nini unafundisha?" Kisha akanyamaza. Nikajibu haraka, jibu la kwenye video, kwamba nataka kusaidia jamii. Hakusema kitu. Tukapita wauza sabuni, tukampita fundi baiskeli, yeye anatembea tu, mikono nyuma. Ule ukimya ukaanza kuniwasha. Tulipofika kwenye mtaro, nikajisikia nasema:

"Mama yangu alikuwa anauza kambini, na kila mara kulikuwa na mtu anamkalimania. Na yule mtu alikuwa anamwibia. Nilikuwa namwona, mama hajui."

Sikuwahi kumwambia mtu hilo.

Madame Odette akasimama.

"Umeona? Jibu la kwanza lilikuwa la mdomo. Hili la pili ndilo lako, na limekuja kwa sababu nimengoja. Wewe hungoji. Unauliza, unaogopa, unajibu mwenyewe. Leo darasa zima nimemsikia mwanafunzi mmoja tu hodari, na ni wewe."

Nikautazama mtaro.

"Sauti yako ni nzuri," akaendelea. "Ubao wako ni safi kuliko wa walimu niliowafundisha mimi. Na mtu hatandiki kitenge kipya kwa ajili ya mwalimu asiyempenda. Basi nakupa kitu kimoja tu, sitaki ubebe viwili. Ukishauliza, funga mdomo."

Kisha, akipanda gari: "Na mimi, mwanangu, nitafutie pa kukaa. Pale mbele sikuona kitu. Nilikuwa naonwa mimi."

Nilipofika nyumbani nililia, nikijifunika kitenge ili Aline asione. Aliona. Akaniambia, "Si amesema ubao wako ni safi?" Sikuwa nimelisikia hilo. Mimi sifa huwa zinanipita, lawama ndizo naziona.

(Naona kuna mmoja ameshauliza hapo chini kama huyo mama alilipwa. Mkuu, nauli na ile Fanta tu. Acha nimalize.)

Kungoja, wakuu, ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Nilijaribu siku iliyofuata. Nauliza, najiambia nyamaza, kabla sijamaliza kujiambia nimeshajibu. Nikatafuta dawa. Nikaanza kuja na chupa ya maji. Nikiuliza swali, nakunywa, polepole. Mdomo wenye maji hauwezi kujibu.

Mama Zuhura akaona siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, kwenu mumepika nini chenye chumvi hivyo?"

Wote wakacheka. Na katika kicheko kile kuna mtu akajibu swali. Nikafunga chupa.

Likabaki la kiti. Nikawaeleza darasa ukweli wote: kwamba Madame Odette atarudi, kwamba akikaa mbele kama mgeni hataona kitu, kwamba asipoona kitu perezida ataleta mwalimu wa Bujumbura. Nikawaomba, tafadhali, akae nyuma.

Mabishano yakawa makubwa. Mmoja akasema afadhali wote tukae nyuma pamoja naye. Mwingine akasema akae mlangoni. Mama Zuhura akasikiliza huku mikono yake ikichambua ndagala, kwa sababu siku zisizo na mgeni huja na ungo wake, anaondoa mchanga na vijiti huku akisoma. Wanawake kadhaa hufanya hivyo kule nyuma. Sikuwahi kuwakataza.

Ghafla akainua kichwa.

"Mugeni ni yule anakaa mikono mitupu. Tumupe ungo."



"Kweli," akasema mwingine. "Mutu anayechambua ndagala, nani anamuangalia?"

Basi Madame Odette aliporudi, mlangoni Mama Zuhura hakumwonyesha kiti. Alimpa ungo.

"Dada, leo hauko mugeni. Mchanga iko mingi, tusaidie."

Yule mama akaangalia ungo, akaniangalia, akaelewa. Akafunga kitenge kiunoni, akaenda nyuma kabisa, akakaa kwenye bidoni kati ya wanawake wawili, akaanza kuchambua. Baada ya dakika chache tu, wallahi, hakukuwa na mkaguzi mle ndani. Palikuwa na mwanamke mmoja zaidi mwenye samaki.

Somo lilikuwa la malalamiko: mteja hataki mzigo, wewe unasema nini? Nilipanga zoezi la kwanza, la pili, la tatu. Katika la kwanza watu wakajibu, mmoja kwa usahihi, mwingine kwa makosa ya kuchekesha. Nakunywa maji. Inakwenda.

Halafu nikamgeukia Bwana Nyandwi. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia kwa Kiingereza: "Mteja wako wa Mpulungu anasema mawese yako ni machafu. Unamjibu nini?"

Kimya.

Nikanywa maji. Kimya. Nyandwi anatazama mikono yake. Nje injini ya boti inajaribu kuwaka, inakataa, inajaribu. Nikanywa tena. Nilihisi darasa zima linanihurumia, na kule nyuma najua kuna macho mawili hayako kwenye ndagala. Sauti kichwani ikasema, unamwaibisha, msaidie, jibu, jibu! Mama Zuhura akavuta pumzi ili amwokoe. Nikainua kiganja kumzuia. Maji yakawa yamebaki kidogo. Nikayameza yote.

Nyandwi akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

Akaongea kwa Kiingereza, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kwamba mafuta siyo machafu. Kwamba ni mafuta ya juzi, yameganda kwa baridi ya ziwani. Kwamba ameyabeba yeye mwenyewe kutoka Kigwena na anajua kila bidoni imetoka shamba gani. Kisha akanyoosha mkono kwenye bidoni zilizopangwa ukutani, akamaliza:

"Open another one. You choose."

Katika zile sentensi makosa yalikuwepo mengi. Niliyasikia yote, mimi ni mtu wa kuyasikia. Sikusahihisha hata moja. Kwa sababu wakuu, ningekuwa mteja ningenunua.

Mama Zuhura akapiga paja.

"Eh! Kumbe huyu mutu iko na sauti! Nyandwi, ulikuwa umeificha wapi?"

"Nilikuwa naitengeneza," akasema Nyandwi, kwa Kiswahili, akakaa.

Kicheko kilipasua bati. Mama Zuhura akajigeuza mteja wa Mpulungu hapo hapo, akamwambia Nyandwi kwa Kiingereza chake kwamba mafuta sasa ni safi lakini bei ni chafu. Nyandwi akajibu. Mwingine akaingilia. Wakawa wanabishana wao kwa wao, kwa Kiingereza, hawanitazami mimi, hawamtazami mkaguzi, na mimi nimesimama na chupa tupu. Zoezi la pili na la tatu hayakufanyika kabisa. Mpango wangu wote mzuri ulikufa pale, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Baada ya somo tukatembea tena kuelekea barabarani. Madame Odette alikuwa ananuka ndagala kama sisi wote. Hakuwa ameandika hata neno, vidole vilikuwa na magamba.

"Espe, umeonaje?"

Akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Makosa yalikuja mdomoni yakipanga foleni: muda, mazoezi yaliyobaki, ubao sikuufuta. Nikayaacha yapite. Tukawapita wauza sabuni. Tukampita fundi baiskeli. Tulipofika kwenye mtaro nikasema:

"Nimefundisha vizuri."

Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuisema hiyo sentensi. Madame Odette akaitika kwa kichwa tu, kama nimemtajia siku ya wiki, tukaendelea kutembea.

Alimpigia perezida jioni ile. Sijui alimwambia nini, sikuuliza, na kwangu kutouliza ni maendeleo. Perezida alikuja ghalani mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema mbele ya wote: "Mwalimu wa Bujumbura abaki Bujumbura." Darasa ni langu. Wanachama wote wanakuja. Tumeongeza bidoni.

Nyandwi alisafiri hivi majuzi. Aliporudi nilimuuliza safari ilikuwaje. Akafikiri muda mrefu, nami nikamwacha afikiri. Akasema, "Hakuna mutu aliniongelea." Basi.

Nilichojifunza, kwa walimu wenzangu mnaofundisha sebuleni, vibarazani, kwenye maghala, bila mkuu wa shule wala mtu wa kuwatazama: tafuteni mtu awatazame. Inatisha, najua. Lakini peke yako utakuwa unasahihisha mwandiko wako tu huku mtu amekaa kwenye bidoni anatengeneza sauti yake na hujui. Ila akija, msimpe kiti. Mpeni kazi ya mikono.

Sasa nawauliza. Aliyewahi kutazamwa akifundisha, au akifanya kazi yoyote ile, aliambiwa nini ambacho hakukisikia hadi baadaye?

Msijibu haraka haraka. Chupa yangu ya maji iko hapa, nimeijaza. Nangoja.

Murakoze, asanteni.